Jibu: jina halibadiliki hata baada ya upper()

Ndugu, umeuliza kwa nini, katika lugha ya programu ya Python, mteja.jina.upper() ya kugeuza jina liwe herufi kubwa haifanyi kitu, jina linabaki "okello" vilevile. Katika Python stringi, yaani maandishi kama "okello", ikishaundwa haibadiliki kamwe. Hiyo upper() inakurudishia stringi mpya, nawe hukuipokea popote. Andika mteja.jina = mteja.jina.upper(). Bora zaidi, safisha mapema ndani ya __init__ (sehemu inayoandaa kila mteja mpya): self.jina = jina.strip().upper(), maana nafasi tupu mwishoni mwa jina, ambazo strip() huziondoa, husumbua sana unapolinganisha.

Halafu nimeona namba ya simu umeipitisha kwenye int(), inayogeuza stringi kuwa namba kamili. Tafadhali iache iwe stringi! Namba zetu za Uganda huanza na 0, na int("0772") inakupa 772, sufuri imemezwa. Mimi ningezihifadhi zote zikianza na "+256" (msimbo wa Uganda) badala ya 0, hata za wateja wa Gulu na Mbarara.