Kuchaji betri kwa moto wa ekzosi ya bajaji

Mkuu, umeuliza kama moto wa ekzosi ya bajaji unaweza kuchaji betri. Inawezekana kwa kiasi kidogo, maana karibu theluthi ya nishati ya mafuta inapotelea kwenye bomba ikiwa joto tu. Ila usichukue zile pelitia za kupozea (vibamba vya umeme vinavyopoza upande mmoja na kupasha mwingine), nyingi solda yake ya ndani inayeyuka kwenye nyuzi 138 hivi na ekzosi inapita hapo mbali sana, tafuta moduli za TEG zenyewe, yaani vibamba vilivyotengenezwa kugeuza joto kuwa umeme. Halafu umeme unatokana na tofauti ya joto, pande zote mbili zikichemka hupati kitu, kwa hiyo upande wa baridi funga hitisinki (kipande cha chuma cha kutoa joto) kubwa ya alumini sehemu inayopigwa upepo, na ukikwama foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, upepo unakosekana na volti zitashuka tu. Ufanisi wake ni kama asilimia 5, kuchaji simu na taa ya LED sawa, betri iachie chaji ya injini.