Mahindi Yakiwa Zambarau, Chimba Mche Mmoja Kabla ya Kununua DAP Nyingine

Majani ya mahindi yakigeuka zambarau huku Kakamega, Vihiga au Siaya, magharibi mwa Kenya, wengi hukimbilia agrovet, duka la pembejeo, kuongeza DAP, mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi. Kwa kawaida ni kweli mmea umekosa fosforasi, lakini mara nyingi fosforasi imo shambani, imeshikwa na alumini. Na DAP yenyewe huongeza asidi msimu baada ya msimu, asidi ikaifungulia alumini zaidi.

Kwa hiyo anza na jembe. Chimba mche wa wiki 3, usiuvute, kisha suuza mizizi ndani ya ndoo. Mizizi mizima ni mirefu, myeupe na ina matawi membamba mengi. Iliyoumia kwa alumini ni mifupi na minene, ncha zimekuwa za kahawia, na ukiikunja inakatika. Ncha ndiyo huumia kwanza, na ncha isiporefuka mmea haufikii maji ya chini. Ndiyo maana shamba kama hilo hunyauka mvua ikikatika kidogo tu, na jirani akadhani ni mbegu mbaya.

Alumini hii ndiyo ya sufuria, na hakuna shamba lisilo nayo, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi wenyewe umejengwa kwayo. Kinachobadilika ni umbo lake. Kwenye pH (kipimo cha asidi; kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) ya 6 hadi 7 imeganda na haimdhuru mtu wala mmea. pH ikishuka chini ya 5.5 huanza kuyeyuka, na chini ya 5 sehemu kubwa ya ile iliyoyeyuka ni ioni huru, yaani chembe yenye chaji ya umeme, hapa chaji tatu, ambayo ndiyo sumu kali kwa mizizi. Lakini ioni hiyo ikikamatwa na mboji, ukali wake hupungua sana. Hii ndiyo sababu mashamba mawili yenye pH ya 4.9 yanaweza kuzaa tofauti kabisa, moja likiwa linapata samadi au majani ya kichaka cha tithonia na lingine halipati.

Basi pH peke yake haitoshi. Ukipeleka udongo maabara, omba wapime pia alumini inayobadilishana, yaani ile iliyoshikwa kwa ulegevu kwenye udongo na inayoweza kuifikia mizizi. Tuseme jibu ni sentimoli 2 (kipimo cha maabara) kwa kilo ya udongo. Dawa yake ni chokaa, ambayo hupunguza asidi na kuigandisha tena alumini. Zidisha kwa 1.5: unapata tani 3 za chokaa ya kilimo kwa hekta, yaani kilo 1,200 kwa ekari, au magunia 24 ya kilo 50. Usimwage kwa kukisia. Pima mraba wa mita 10 kwa 10 na uupe kilo 30. Hesabu hii ni ya kina cha sentimita 15, kwa chokaa safi iliyosagwa laini. Ile ya chengachenga huchukua misimu kabla ya kufanya kazi. Chokaa ya mawe ya Koru haiko mbali nasi. Ile ya kupaka ukuta iache kwa fundi, inaunguza.

Ichanganye na udongo wiki 3 au 4 kabla ya kupanda. Ikiachwa juu juu haisaidii, maana chokaa hushuka polepole mno. Usiichanganye na DAP wala samadi mbichi: ukisikia harufu ya kuwasha macho, hiyo ni nitrojeni yako inapaa. Kama fedha inatosha nusu ekari, sisi tungeweka kipimo kamili kwenye nusu hiyo kuliko kunyunyiza vumbi ekari nzima.

Lengo ni pH ya 5.5 au zaidi kidogo, si 7. Ukizidisha, zinki inakuwa ngumu kupatikana na mahindi machanga yanatoa michirizi myeupe. Chai usiiguse, inapenda asidi na inavumilia alumini. Muhogo nao huvumilia. Maharagwe hayana subira hiyo, kwa hiyo anza na kipande cha maharagwe.

Chukua pia sampuli ya sentimita 20 hadi 40. Huko chini chokaa haikufika, na kama alumini ni nyingi, jasi, yaani madini ya kalsiamu na salfeti, husaidia: haipandishi pH, lakini huyeyuka, ikashuka na maji ikipeleka kalsiamu, na salfeti yake hupunguza ukali wa alumini. Pima tena baada ya misimu 4, mapema zaidi kama bado unatumia DAP.