Mwanangu, kuhusu ile nyumba ya Uhindini

Mama, ujumbe wako nimeusoma jana usiku nikaurudia tena asubuhi. Unauliza kwa vile mkwe wangu kahamishiwa Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, mpange ile nyumba ya ghorofani Uhindini kwenye jengo la zamani, au mchukue ile mpya ya Ilazo yenye geti na pevingi. Nitakujibu, ila ngoja kwanza niongee kuhusu kabati.

Kabati si unalijua, ulikuwa unajificha humo kaka yako akikutafuta. Tulipohamia ghorofani pale Uhindini karibu na stesheni mama yako alitaka kabati la vyombo la mninga, na mninga mzuri ulikuwa unakuja na treni kutoka Tabora, fundi wa mtaa wa Majengo akaja akapima ngazi akatikisa kichwa, ile kona ya juu haipitishi kitu kirefu. Basi akapandisha mbao na randa akalitengenezea sebuleni humo humo, jengo zima likanukia mbao, majirani wanashuka kuangalia limefika wapi, yule mama wa Kihindi wa juu analeta chapati za fundi. Ndo maana nawaambia siku zote, nyumba ya kukaa ni ile unayopanda ngazi moja na wenzio. Geti linakupa usalama, sibishi, ila ngazi inakupa watu.

We ulikuwa mdogo hukumbuki mvua za El Niño, mwisho wa 97 kuingia 98. Abiria wa Kigoma walikwama hapo stesheni, reli imeharibika huko mbele, watoto wamelowa, na hakuna aliyeitisha kikao, watu wa jengo walishuka tu kila mmoja akapanda na familia moja ya abiria. Sisi tulilaza mama mmoja na wanawe pale sebuleni mbele ya kabati. Sasa niambie, kwenye nyumba ya geti abiria angegonga wapi?

Na zile kuta zilivyo nene! Mwezi wa nane ule upepo wetu unazoa vumbi lote la Dodoma, jua linachoma, we uko ndani kwenye dari refu umetulia kabisa unasikia honi ya treni. Ila maji yalikuwa shida, hilo nakubali, mama yako kapandisha ndoo mpaka mgongo ukamsumbua na akisoma hii barua atasema baba yenu anasifia ngazi kwa sababu ndoo alikuwa habebi yeye. Nilikuwa nabeba jamani. Wote tulikuwa tunabeba.

Lile jengo serikali haikulichukua mwaka 1971 ilipotaifisha majumba ya kupangisha, kwa sababu yalichukuliwa ya thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na lile halikufika. Likabaki kwa mzee mwenyewe, tulielewana naye vizuri, alipofariki wanae wakaliuza. Mwenye nyumba mpya akatupa notisi. Hiyo haikuniuma, mwenye mali ana mali yake. Nilichomwomba ni kitu kimoja, fundi aje afungue kabati tuondoke nalo vipande vipande. Akasema hapana, kilichojengwa ndani ya nyumba ni cha nyumba. Kabati! Halikuwa na msumari hata mmoja uliogusa ukuta, lilisimama kwa miguu yake minne. Mara nyingine najiambia labda na yeye aliamini hivyo kweli, aliona kitu kikubwa hakipiti mlangoni akajua ni sehemu ya jengo, binadamu anaweza kukosea. Halafu nakumbuka nilivyopita baadae kununua madaftari yenu kwenye duka la chini nikakuta nusu ya kabati letu limekatwa kwa msumeno, wamepanga viatu vya plastiki. Kumbe kutoka linaweza! Mama yako sikumwambia mwaka ule, nilimwambia tumeshahamia Nkuhungu.

Haya, swali lako. Ilazo ni pazuri, kuna hewa, watoto watacheza, gari litalala ndani. Na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 mjini pamejaa, maegesho tabu, usiku kelele, Uhindini ya leo sio ile ya kwetu. Hayo yote nayajua na bado moyo wangu uko wapi we mwenyewe unajua, ila sisemi, nyumba ni ya kwako na mumeo mkae muongee, mimi nikisema utachukua kwa heshima halafu maji yakikatika utanilaumu. Sisemi kabisa.

Ila kama mkichukua ya Uhindini, muulize mwenye nyumba tenki liko wapi na ujazo wake, na mkataba uandikwe kila kitu chenu kilichoingia mle, kabati, meza, feni, mpaka pazia, na asaini. Kodi ya mwaka mzima msitoe kwanza. Jumamosi nitapita na futi nipime ile ngazi, hasa kwenye kona, maana lile sofa lenu la kona nalijua lilivyo refu. Nitumie vipimo vyake kabla ya Ijumaa.

Baba yako