Kabla ya Kununua Diski, Tazama Kontrola na Betri Yake

Wenye studio za harusi huku Unguja na Pemba wakitaka seva, swali lao la kwanza ni terabaiti ngapi. Mimi nawaambia waanze na kontrola, ile kadi inayozichukua diski nne na kuionesha kompyuta kana kwamba ni moja.

Kazi yake ni kukatakata faili na kuvitawanya vipande kwenye diski zote. Namna za kuvitawanya huitwa RAID, kila moja na namba yake. Diski nne za terabaiti 4 kwenye RAID 0 zinakupa 16, ila ikifa moja umepoteza zote. RAID 5 inakupa 12, maana nafasi ya diski moja huwekwa hesabu za kuunda upya kilichopotea. RAID 6 inakupa 8, na zikifa mbili kazi inaendelea. Kwa video za watu nachagua 6. Diski zilizonunuliwa siku moja huchoka pamoja, na kuijaza upya moja ni saa nyingi za kuzisoma zilizobaki mwanzo hadi mwisho, na humo ya pili inaweza kufa.

Sasa umeme. Nani Unguja amesahau giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010? Lakini ninazoziogopa zaidi ni zile sekunde kabla jenereta haijawaka. Kontrola huiambia kompyuta "nimeshaandika" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika hapo, kinga ya data hiyo ni betri ndogo ya kwenye kadi.

Chake Chake niliitwa kwa seva "yenye virusi", imekuwa nzito ghafla. Virusi hamna. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, na kontrola ilipoona haina kinga ikaanza kuandika moja kwa moja kwenye diski, polepole. Onyo lilikuwemo kwenye programu yake, ila nani huifungua?

Studio ndogo, yakhe, haihitaji kadi ya ghali. RAID ya Linux, yaani mfumo wa kompyuta unaoifanya kazi hiyo wenyewe bila kadi, na UPS, betri ya nje inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, zinatosha. Kompyuta ikifa, diski zinahamia nyingine yenye Linux. Kadi ikifa, mara nyingi utatafuta ya kampuni ile ile, na huku kisiwani utaingoja. Zipige namba diski kwa kalamu kabla hujazichomoa.

Bakapu ni jambo jingine kabisa. Kijana wako akifuta harusi ya mtu kwa bahati mbaya, kontrola itaifuta kwenye diski zote bila kuuliza. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine, kwenye chombo kinachofunga vizuri kwa ajili ya hii hewa yetu ya chumvi, na uifungue mara kwa mara uone kama video inacheza.