Utalii umevunja rekodi, mbona dukani kwangu hela haijarudi?

SWALI: Habari kaka. Nina duka la viatu na mabegi hapa Kijenge, Arusha, tangu 2016. Mwaka 2019 nilikua nauza kama milioni 5 kwa mwezi, korona ilipokuja nikashuka mpaka milioni 1 na nusu. Mwaka 2024 nilipiga wastani wa milioni 5 na nusu. Kila siku nasikia watalii wamevunja rekodi ila mtaani vyuma bado vimekaza. Hivi kitaalamu mji ukianguka kiuchumi mnajuaje kama umesharudi? Na je nikope milioni 10 nifungue duka la pili kule Olmoti karibu na uwanja wa AFCON au nisubiri?

JIBU: Pole na kazi dada. Nimekaa dawati la mikopo ya biashara ndogo miaka mingi hapa hapa mjini kwahiyo swali kama lako nimelisikia sana, na karibu kila anayeuliza anaanza na watalii wakati jibu analo kwenye daftari lake mwenyewe. Hebu tuanze na hizo milioni zako. Unaona 5 na nusu ni zaidi ya 5 kwahiyo umerudi na chenji juu, sio? Bado. Mfumuko wa bei wa taifa ulikua asilimia 3.3 mwaka 2020, 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024, ukivipandisha kimoja juu ya kingine (usijumlishe tu, zidisha) unapata bei zimepanda karibu asilimia 20. Maana yake milioni 5 ya 2019 ilitakiwa iwe kama milioni 6 ndo uwe pale pale ulipokua. Wewe uko chini kwa kama asilimia 8, ndo maana unauza ila huoni kitu. Hujakosea kuhisi hivyo.

Sasa kuhusu mji. Kwenye vitabu uchumi unahesabiwa umedorora pato likishuka robo mbili za mwaka mfululizo. Tatizo mji hauna hesabu ya robo mwaka, takwimu za pato zinazotoka ni za mkoa, tena za mwaka mzima. Na kitaifa mwaka 2020 Tanzania haikushuka, ilikua kwa asilimia 4.8, maana dhahabu ilikua na bei nzuri, mashamba yalilimwa na ujenzi uliendelea. Kwahiyo ule mwaka ambao Arusha ilikua inalia, hoteli zimefungwa, magari ya safari yamepaki yanaota majani, kwenye vitabu vya nchi hakuna mdororo wowote. Mdororo wa mji mmoja unaweza kupita bila kuandikwa popote ndo maana watu wa Dar tukiwasimulia wanatuona tunatia chumvi.

Haya watalii. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni 1,527,230. Ndege za kimataifa zikasimamishwa Aprili 2020 zikafunguliwa Mei 18, na mwaka ukaisha na wageni 620,867. Hapo tumeanguka asilimia 59. 2021 wakaja 922,692 na watu wakashangilia ongezeko la karibu asilimia 49, na hapa ndo watu wengi wanadanganyika, maana ukishuka 59 kisha ukapanda 49 haimaanishi umebakiza 10. Umepanda kutoka kwenye shimo. Kutoka 620,867 kurudi ulipokua unatakiwa upande asilimia 146! Ile 2021 ya kushangilia bado tulikua chini ya 2019 kwa asilimia 40. 2022 wakafika 1,454,920, bado kidogo, na 2023 ndo tukavuka kweli, 1,808,205, halafu 2024 zaidi ya milioni 2 na laki 1. Kwahiyo kama nchi, shimo limefukiwa 2023, usimwamini aliyekuambia mapema zaidi.

Ila hao ni wageni wa nchi nzima, na sio wote wanapita Mnara wa Saa. Zanzibar kwa mfano ilikua na wageni 538,264 mwaka 2019 na kufikia 2022 ilishavuka, 548,503, yaani wenzetu wa baharini walirudi mwaka mzima kabla ya hesabu ya taifa. Mtu anashuka na ndege moja kwa moja Zanzibar, anaota jua Nungwi wiki moja na kuondoka, ni mtalii kwenye rekodi lakini begi lako hajawahi hata kuliona.

Na hata huyo anayekuja kwetu, fuata hela yake. Tiketi ya ndege kalipa kwao. Safari mara nyingi kanunua kwa wakala wa kwao ambaye anakata chake kabla hajatuma. Akipanda Kilimanjaro kiingilio cha hifadhi peke yake ni dola 70 kwa siku bila VAT, na hiyo inaenda serikalini, sawa tu, inajenga nchi, lakini haiji Kijenge wiki ijayo. Kinachobaki mjini ni mshahara wa dereva na mwongoza watalii, posho ya wagumu (wabeba mizigo mlimani), tipu, mboga za sokoni Kilombero, gereji, dobi. Hiyo ndo inakufikia wewe.

Sisi tunaiangalia hivi: chukua shilingi 100 iliyoingia mjini kutoka nje. Kama kila anayeipata anatumia 40 hapa hapa na iliyobaki inatoka, itazunguka 100, halafu 40, halafu 16, mpaka iishe, jumla mji umepata kama 167. Kama kila mtu angetumia 60 hapa, jumla ingefika 250. Watalii ni wale wale! (Hizi namba nimetunga ili uelewe, sio takwimu za Arusha.) Mji unaweza ukajaza wageni na bado mtaani pakawa pakavu kwasababu hela inapita kama maji kwenye kichujio. Na usikasirike dada lakini na wewe ni tundu mojawapo la kichujio, viatu unafuata Kariakoo na vimetoka China, kwahiyo kila elfu 30 unayouza sehemu kubwa inapanda basi usiku huo huo. Sisemi uache, nasema ndivyo ilivyo.

Kuna mambo mengine mawili naona yanakuumiza wewe kuliko hilo. La kwanza ni madeni. Mwongoza watalii aliyekaa mwaka na nusu bila safari aliuza kiwanja au pikipiki, akakopa kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa), ada za watoto zikalimbikizana. Kazi iliporudi hakukimbilia kununua viatu, alianza kuziba mashimo. Kwenye mafaili ya mikopo tuliliona wazi, marejesho yakawa mazuri kabla biashara za mtaani hazijachangamka. Nguo, viatu na sofa ni vitu vya mwisho kurudi, chakula na ada ni vya kwanza.

La pili ni kwamba mmekua wengi. Watu waliopunguzwa hotelini 2020 hawakukaa nyumbani, wamefungua genge, wengine duka, wengine wanauza viatu kwa simu wakiwa kitandani. Na mji wenyewe umevimba, sensa ya 2012 jiji la Arusha lilikua na watu 416,442, ya 2022 wakawa 617,631. Wateja wameongezeka ndio, ila na wauzaji nao wameongezeka. Keki imerudi ukubwa wake, visu vimezidi.

Kuhusu kurudi kwa muda mrefu mi sina wasiwasi sana na Arusha, huu mji umeanguka mara nyingi. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikufa, majengo yake yakawa AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Baadaye ikaja mahakama ya Rwanda ya Umoja wa Mataifa, wenye nyumba wa Njiro wakazoea kulipwa kwa dola, ikafungwa mwisho wa 2015 na kodi zikalegea, wenye nyumba wakanuna. Tumekua tukiokolewa na mpangaji mpya kila mara, nayo ni bahati nzuri ila ndo tabia inayotufanya tusijenge kitu cha kwetu. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kilisimama na mpaka leo pengo la ajira zile halijazibwa na hoteli, maana kazi ya kiwandani haina lo sizoni (msimu wa wageni wachache). Moshi nao walijifunza kwa kahawa, makubaliano ya dunia ya bei yalipovunjika 1989 bei ikaporomoka na mji mzima ukaisikia. Mguu mmoja ukivunjika lazima uwe na mwingine.

Sasa mkopo. Milioni 10 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopungua (inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu) kwa miezi 24, marejesho ni kama laki 5 kila mwezi. Kama faida yako kabla ya matumizi ni robo ya mauzo, duka la pili lazima liuze milioni 2 kwa mwezi kulipa benki tu, hapo hujalipa fremu wala kijana wa kuuza. Uwanja wa watu 30,000 ni kitu kikubwa, lakini mafundi wakimaliza wanaondoka, na mechi za AFCON 2027 zitakazochezwa pale ni za kuhesabu kwenye vidole. Anayekuja kuangalia mpira ananunua jezi na nyama choma, kiatu cha ofisini hapana. Kwahiyo Olmoti kwa sasa mi nisingekupitisha.

Kipimo ninachokiamini ni masika, watalii wakiwa wachache. Julai usiitazame, Julai kila mtu ni mfanyabiashara hodari. Chukua daftari lako la Aprili na Mei kwa miaka mitatu, linganisha Aprili na Aprili, Mei na Mei, usije ukalinganisha Mei na Julai ukasema uchumi umefufuka. Kama mauzo ya masika yamepanda kila mwaka kuzidi zile asilimia 3 au 4 za bei, ujue una wateja wa mji wenyewe ambao hawategemei ndege ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), na hapo njoo tuongee, ila tuanze na milioni 4 ya kuongeza mzigo hapo hapo Kijenge. Kama huna daftari la miaka mitatu angalia miamala ya simu, ipo. Na yule mwenye fremu ya Olmoti muulize anataka kodi ya miezi mingapi mbele, akisema mwaka mzima jua hata yeye hana uhakika wa mwakani.