Jibu: Mota ya CNC haibadilishi kasi

Mkuu, umesema kwenye mashine yako ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) ukiandika amri ya kasi S3000 au S9000 mota inazunguka vilevile. Kabla hujanunua bodi nyingine, angalia $30 (kasi ya mwisho ya mota) kwenye mipangilio ya GRBL, programu inayoendesha bodi hiyo. Huwa inakuja na 1000, kwa hiyo namba yoyote juu ya hapo kwake ni kasi ya mwisho. Weka kasi halisi ya mota yako, tuseme $30=10000, halafu piga M3 S5000 (washa mota kwa nusu ya kasi hiyo) na uweke mita kwenye waya wa PWM, yaani ishara inayoamuru kasi. Kwa bodi ya volti 5 itasoma karibu 2.5. Ikisoma hivyo na mota bado inakimbia kasi ileile, kagua saketi inayoiendesha.

Ila kwa mninga wa milango hiyo ya Bagamoyo unayochonga, usiishushe kasi sana. Mota ndogo ya DC ikipunguzwa inakosa nguvu, inakwama, inanuka. Chonga kina kidogo kidogo.