Megawati zipo, hela mbona hazionekani?

Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, megawati 2,115. Mbona mfukoni sioni tofauti? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu hizo megawati ni uwezo wa mitambo, si umeme uliokwisha kufika mlangoni kwako. Mitambo yote tisa pale Rufiji, megawati 235 kila mmoja, ilikamilika mwaka 2025. Lakini umeme wake bado una safari: nyaya, vituo vya kupoza umeme, transfoma za mtaani. Huko ndiko unakokwama. Nenda kwa fundi wa kuchomelea mageti saa za jioni. Umeme ukiwa mdogo, mashine inanguruma tu, chuma hakishiki. Inabidi asubiri majirani walale. Geti la Ijumaa linatoka Jumanne, na kibarua wake siku hizo hana posho. Hasara ya namna hiyo huwezi kuiona kwenye hotuba ya megawati.

Kipi kinatangulia, umeme au uchumi? (Msomaji, Eldoret)

Wachumi wanabishana mpaka leo, na Kenya kwenu kuna mfano mzuri. Mwaka 2013 wateja wa Kenya Power walikuwa milioni 2 na ushee. Kufikia 2024 walishapita milioni 9. Umeme uliouzwa, hata hivyo, haukufika hata mara mbili ya ule wa awali. Yaani wengi waliounganishwa wanawasha taa, wanachaji simu, basi. Kuna watafiti waliopunguzia baadhi ya kaya za Busia na Siaya gharama ya kuunganishwa, kisha wakazilinganisha na kaya ambazo hazikupunguziwa. Kipato hakikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Mimi sishangai: nguzo haiji na friji wala mashine ya kusaga, sembuse mtaji wa kuvinunua. Kiwanda ni habari nyingine, hakuna atakayekijenga penye umeme wa kubahatisha. Ningekuwa na bajeti ndogo, ningeanza kuimarisha transfoma pale ambapo mashine tayari zipo. Najua wabunge wa vijijini hawatanipenda.

Uingereza matumizi ya umeme yameshuka tangu 2005 na uchumi umekua. Nasi si tubane tu? (Msomaji, Dodoma)

Wenzetu wanashuka kutoka juu. Wamebadili taa na friji, wamefunga viwanda vingi vizito, na bidhaa nyingi wananunua nje. Nishati ya kuzitengeneza inahesabiwa China, si kwao. Wewe wa yuniti 50 kwa mwezi utabana nini? Zima taa ya nje mchana, inatosha.

Mkaa nao unahesabiwa? (Msomaji, Tanga)

Sana. Kuni na mkaa ni zaidi ya robo tatu ya nishati yote inayotumika Tanzania, na jiko la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya joto hewani. Familia ikihamia kwenye gesi, nishati inayotumika hupungua ilhali maharage ni yaleyale. Kwa hiyo hapa matumizi kushuka ni dalili njema. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa kwanza watu hugawiwa hata bure. Kinachowashinda ni hela ya kuujaza tena.